Kofia ya masikio au kuhamisha dawati? Kumchagulia msaada mtoto mwenye usonji, nyumbani na skuli

Mzigo ulipita bandari tatu kabla haujanifikia hapa Wete, Pemba: Dar, Malindi ya Unguja, halafu Mkoani. Ndani mlikuwa na blanketi zito la kilo 4, zawadi ya shemeji aliyeona kwenye simu kwamba linawatuliza watoto wenye usonji. Mwanangu ana miaka 8 na kilo 22. Alilala chini yake dakika tatu, akatota jasho, akalisukuma kwa miguu mpaka likaanguka. Leo lina kazi yake: msimu wa karafuu linakandamiza ncha ya jamvi, upepo usilikunje.

Usiku huohuo, kule Mwanakwerekwe, Unguja, binti wa dada yangu alikuwa kalala usingizi wa pono, kajibanza baina ya godoro na ukuta, mito mitatu juu ya miguu. Hakuna aliyemfundisha. Naye ana usonji.

Watoto wawili, bibi mmoja, jina moja, usonji, kwenye kadi ya hospitali, na kinachomstarehesha huyu kinamtesa yule. Kwa hiyo kila ninachokilinganisha hapa chini nakipima mara mbili, kwa wangu na kwa wa dada. Wewe utaona wako yuko upande gani.

Mkimbiaji na mtafutaji

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo la mwaka 2013, uliingiza jambo hili waziwazi kwenye dalili za usonji: milango ya fahamu ya mtoto inaweza kupokea kupita kiasi au kupokea kidogo mno. Wa kwanza huikimbia sauti, mwanga, harufu, mguso. Wa pili huvitafuta: hujigonga, hunusa, huzunguka, hukukumbatia mpaka mbavu zikuume.

Wengi wamechanganyika. Wangu hukimbia sauti lakini hutafuta harufu. Ukimkosa ndani, mtazame kwenye karafuu zilizoanikwa. Ndiyo sababu sipendi mtu anayesema "mtoto wa usonji anataka utulivu". Utulivu wa mlango upi?

Kabla ya kununua chochote chukua daftari, wiki moja. Andika kilichotokea kabla hajalia, na hali yake nusu saa baadaye. Hiyo nusu saa ndiyo mizani ninayoitumia kwa kila kitu. Kuna vitu vinavyomchekesha mtoto pale pale, halafu jioni nzima hakamatiki.

Na utenganishe deko na kuzidiwa. Mwenye deko hukuangalia kwa pembe ya jicho, na akipewa anachokitaka hunyamaza. Aliyezidiwa, hata umpe duka zima, hanyamazi, kwa sababu hakuna alichokiomba. Huyu hahitaji maneno wala kofi. Anahitaji kutolewa pale alipo na watu wapungue.

Sauti: kumziba, kumtoa, au kumwarifu

Vikinga masikio vya aina wanavyovaa mafundi seremala na wachomeleaji vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na vizuri vyake hupunguza kelele kwa kadiri ya desibeli 20 hadi 30. Havitaki chaji. Hedfoni za umeme zinazozima kelele ni nyepesi na za kupendeza, lakini bei yake ni mara nyingi zaidi, na siku umeme wa kisiwa ukikatika unabaki na pambo la kichwa. Baina ya hizo mbili mimi nilichukua za fundi. Kasoro yake ni joto: mito yake ya plastiki hukusanya jasho, hivyo nimeivika vitambaa vya fulana kuukuu. Pamba ya kujaza sikioni niliiacha mapema. Haizuii kikubwa, na kuitoa iliyozama ni shughuli ya daktari.

Ila kumziba kuna mipaka miwili. Barabarani hataisikia bodaboda. Na akivaa kutwa, sikio huzoea ukimya na sauti ndogo nazo huanza kumuumiza. Wataalamu wa usikivu hulionya hilo. Mwanangu huvaa kwenye harusi, sokoni, siku ya Idi viwanjani, na mvua ya masika ikipiga bati. Baada ya hapo zinarudi msumarini.

Kumwarifu ndiko kulikonisaidia zaidi, na hakuna bei. Nyumba yetu iko nyuma ya msikiti na spika inatazama dirisha letu. Watu walidhani adhana ndiyo itakayomshinda. Kumbe adhana ina saa yake! Dakika tano kabla namwambia, "Bado kidogo, Adhuhuri," naye huenda zake chumba cha ndani na viganja masikioni, hurudi ikimalizika. Kinachomvunja ni sauti isiyo na miadi: honi, mashine ya kusagia juisi, redio inayonguruma umeme ukirudi. Basi nyumbani tumekubaliana kwamba anayetaka kuwasha mashine hutangaza kwanza. Ami yake alicheka mwanzoni. Sasa hutangaza hata akipiga chafya.

Kwa mtafutaji, vikinga masikio ni kumdhulumu. Binti wa dada huweka sikio kwenye friji asikilize linavyonguruma, hupiga sufuria, huimba juu kabisa. Yeye alipewa debe na wakati wake, baada ya Alasiri, uwani. Majirani wanajua.

Uzito: blanketi au mbuzi ya nazi

Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuata watoto 67 wenye usonji waliolala kwa zamu na blanketi zito na blanketi la kawaida. Zito halikuwaongezea usingizi. Hata hivyo watoto wenyewe na wazazi wao walilipenda zaidi kuliko lile jingine. Kwa hiyo anayekuambia mwanawe kalipenda hasemi uongo, ila kupenda kitu na kulala ni mambo mawili.

Na kuna hatari. Mwaka 2008, katika skuli moja ya jimbo la Quebec nchini Kanada, mtoto wa miaka 9 mwenye usonji alifariki baada ya kuzongwa ndani ya blanketi zito. Tangu hapo wenye busara hushika sharti moja: mtoto awe na uwezo wa kujitoa mwenyewe, na asifunikwe kichwa kamwe. Desturi ya wauzaji ni uzito usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya mwili, kwa hiyo la shemeji lilikuwa karibu mara mbili ya lililomfaa wangu. Ongeza joto la kaskazi, feni imezima saa nane usiku. Kwa visiwa vyetu mimi silipendekezi, basi.

Kinachotafutwa pale ni misuli na viungo kupata mkandamizo, na hilo jikoni kwetu lipo tele. Binti wa dada hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili, mabega yanafanya kazi, mikono inasukuma, na akiinuka pale hukaa kitako na daftari dakika ishirini bila ya kuambiwa. Kutwanga kinuni, kukamua nguo nzito, kubeba dumu la lita 5, kukunja na kusogeza jamvi: vyote ni kazi moja. Blanketi linamkandamiza mtoto aliyelala kimya, lakini mchi unamkandamiza huku akitenda, na nimeona athari ya mchi hukaa zaidi. Dada ameweka mpaka mmoja tu, asije akageuzwa punda wa nyumba. Akisema basi, basi.

Wangu, ambaye uzito wa kufunikwa hautaki, huupokea uzito wa kubeba. Kutoka dukani hubeba kilo 2 za mchele akikumbatia kifuani, na hapo tunapita hata penye watu. Kwa kukaa skuli nilimshonea kimfuko cha kanga nikajaza choroko, kilo moja, anakiweka mapajani. Kiliingia fukusi mwezi wa pili. Sasa kina mchanga wa pwani uliooshwa na kukaushwa, ndani ya vitambaa viwili.

Mkitaka kumkunja, upande mmoja wa doti ya kanga unatosha, ukimviringisha kama wanavyoviringishwa watoto wachanga lakini mikono ikiwa nje. Aombe mwenyewe.

Pembea na bahari

Trampolini ndogo ya kununua na kamba kwenye muembe hazifanyi kazi moja. Kuruka humwamsha mtoto; pembea ya mbele na nyuma, pole pole, humshusha. Pembea ya kuzunguka humpandisha tena, na mtafutaji ataiomba bila ya kuchoka, kisha usiku halali. Ukiweza kimoja tu, funga kamba.

Bahari ni bora kuliko vyote viwili, maana maji humkandamiza mwili mzima kwa mara moja. Tatizo ni kwamba watoto wetu wengi huondoka nyumbani kimya kimya, na huvutwa na maji. Huko Marekani kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wenye usonji wanaopotea. Sisi tunakwenda maji yakipwa, tunatembea mchanga mbichi, na siku za bamvua hatuendi. Kisima cha uwani kina mfuniko wa mbao na kufuli. Hilo lilifanywa kabla ya jambo jingine lolote nililoliandika hapa, na kama una kisima kilicho wazi, funga ndipo uendelee kusoma.

Mdomo na nguo, kwa ufupi

Dawa ya meno yenye mnanaa humuunguza mkimbiaji. Mswaki wa mti hauna povu wala ukali huo, na mtafutaji naye hupata cha kutafuna. Kwa anayetafuna kola za mashati, kipande cha ukoko wa wali au karoti kabla ya kutoka nyumbani hufaa kuliko muwa, unaomaliza meno.

Sare mpya ifuliwe mara tano sita kabla ya kuvaliwa, au chukua ya binamu yake iliyokwisha kulainika. Kata kilebo chote, usiache ncha, kwani ncha ni mbaya kuliko kilebo. Ushungi ulinishangaza. Mtafutaji wetu anaupenda uliobana, unamkumbatia kichwa siku nzima. Msichana mkimbiaji atafutiwe wa pamba, usio na lastiki kidevuni, na mwalimu aelezwe mapema asije akamtoa mstarini.

Nitie na hili: bibi yao akiona mjukuu kazidiwa huchoma ubani. Nia yake ni dua, nami siibezi. Lakini moshi huo kwa pua ya mwanangu ni kama kumwagiwa pilipili. Tumepatana: dua isomwe, chetezo kibaki uwani.

Skuli

Hapa ndipo fedha inapopotea bure. Mzazi humpeleka mtoto skuli na begi la vifaa, mwalimu ana darasa limejaa, vifaa vinaishia kabatini. Mimi nilianza na ombi lisilomgharimu mwalimu kitu: dawati.

Mkimbiaji akae mbele, ubavuni mwa ukuta, mbali na mlango na dirisha la barabarani, pasiwe na mtu wa kumgusa kwa nyuma. Mtafutaji usimweke pale, utamfunga. Yeye akae ukingoni, karibu na mlango, mahali anapoweza kuinuka bila ya kuvunja darasa. Mwalimu wa binti wa dada amemfanya mpeleka madaftari: kila baada ya kipindi huinua rundo zima mpaka ofisini na kurudi, tena hufuta ubao. Wenzake wanaona kapewa cheo. Kumbe kapewa dawa yake, mwendo na uzito, bila ya yeyote kusema "huyu ana ulemavu".

Kwa mkimbiaji skuli nyingi huwaza kona ya utulivu: mkeka, pazia, kitu cha kushika. Ni wazo zuri lenye mtego. Katika skuli ya kwanza ya mwanangu kona ilitengwa nyuma ya mlango, palepale walipopigishwa magoti waliochelewa. Hakukanyaga hata siku moja, na wakaandika kwamba msaada ameukataa. Kona isiwe mahali pa adhabu, isiwe mahali pa kutupiwa mtoto mwalimu anapochoka. Kama chumba hakina nafasi, kivuli cha mti kinachoonekana na mwalimu kinafaa zaidi kuliko kona mbaya.

Jingine ni wakati wa mapumziko hayo: kwa ratiba, au akishaonyesha dalili? Walimu hupenda la pili, wanaona la kwanza ni upendeleo. Mimi nimeshikilia ratiba, dakika tano baada ya kipindi cha pili na baada ya cha nne, kwa sababu mtoto aliyezidiwa tayari dakika tano hazimtoshi, wala hana maneno ya kuziomba. Tena akipumzishwa kila anapopiga kelele, atajifunza kwamba kelele ndiyo tiketi.

Halafu choo. Hakuna anayekitaja. Mwanangu alibana mkojo tangu asubuhi hadi anarudi nyumbani kwa sababu ya harufu, na kutwa nzima akawa mkali. Tukadhani ni hesabu. Siku hizi huenda kabla ya wenzake hawajatoka, choo kikiwa kimetoka kuoshwa.

Kwenye skuli zenye mikondo miwili, mkimbiaji ningemtafutia wa asubuhi. Wa mchana humkuta kachoka, joto limepanda, na pengine katoka chuoni, yaani madrasa, ambako kelele imeshamjaa kichwani. Mtafutaji anaweza kunufaika na mkondo wa mchana, iwapo asubuhi yake ina kazi za mwili na si kukaa mbele ya televisheni.

Swali kubwa zaidi ni darasa la kawaida au kitengo maalumu. Kitengo kina watoto wachache na mwalimu aliyesomea, lakini hukusanya ulemavu wa kila namna, na unaweza kumkuta mtoto anayepiga mayowe ameketi ubavuni mwa asiyestahimili mayowe. Darasa la kawaida lina wingi na kelele, ila lina watoto wa mtaani kwake, watakaomjua akipotea njiani. Mimi nilichagua la kawaida, dada alichagua kitengo, na hatujagombana. Usichague kwa jina la mlango. Omba ukae ndani saa moja, uzibe mdomo na ufungue masikio. Tazama mwalimu anafanya nini mtoto wa kwanza anapolia.

Ukinyimwa hata dawati, unalo la kusimamia. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu cha 24 kinataka elimu mjumuisho na marekebisho yanayolingana na mahitaji ya mwanafunzi. Sikuambii uende na karatasi mkononi siku ya kwanza. Nenda na daftari lako la wiki moja, mwalimu mkuu aone kwamba unaomba jambo unalolijua. Ukiweza, ambatana na mzazi mwenzio. ZAPDD, jumuiya ya Zanzibar ya watu wenye ulemavu wa akili, ina wazazi waliokwishapita njia hiyo.

Chuoni

Chuo kina lake: watoto thelathini kwa pamoja, kila mmoja aya yake, kwa sauti. Kwa mtafutaji ni pepo ndogo. Binti wa dada huyumba na kusoma, na hapo kuyumba hakumshangazi mtu. Wangu alidumu siku nne. Tulikuwa na njia mbili, maalim aje nyumbani au mtoto aende saa nyingine. Maalim wa nyumbani ni utulivu mtupu, lakini mtoto hukosa wenzake. Nikamwendea maalim, "Maalim, naomba nimlete baada ya wenzake kuondoka, robo saa." Akafikiri, akasema aje robo saa kabla ya wenzake, akae mpaka wa kumi aingie, kisha aende zake. Hilo lilikuwa bora kuliko langu. Sasa hungoja mpaka wa kumi na tano.

Tiba au kurekebisha mazingira

Utaambiwa juu ya tiba ya kuunganisha fahamu, iliyoanzishwa na Jean Ayres, mtaalamu Mmarekani wa tiba kwa vitendo (tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku), kwenye miaka ya 1970. Mtoto hupelekwa chumba chenye bembea, mipira na magodoro, akaongozwa kucheza kwa mpango. Tafiti ndogo zilionyesha faida kwa baadhi ya watoto. Jaribio kubwa zaidi la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha watoto 138, halikuona kwamba tiba hiyo kwa jumla inapita huduma za kawaida. Kumsugua mtoto mwili kwa brashi kila baada ya saa chache, jambo linalouzwa kwa maneno matamu, halina ushahidi wa kutosha, na kwa mkimbiaji wa mguso ni adhabu.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, hata hivyo, anaweza kukuonyesha katika saa moja mambo ambayo wewe hukuyaona mwaka mzima: jinsi anavyoshika kalamu, kwa nini anatembea kwa vidole, kwa nini anakataa wali wenye mchuzi na kula mkavu. Ukipata nafasi Unguja au Dar, nenda, ila nenda kwa shauri la nyumbani na skuli kuliko kwa ahadi ya vikao ishirini. Kabla ya kulipa mimi huuliza: "Baada ya vikao hivi, mwanangu atafanya nini ambacho leo hakifanyi, na tutakijua vipi?" Akinitajia jambo ninaloweza kuliona kwa macho, kama kuvaa shati mwenyewe au kukaa vipindi viwili, nalipa. Akinijibu "tutaona", nauli ya boti inabaki mfukoni, na mwanangu anarudi zake kwenye muembe.